Jina la mwanamke wakili nalo liandikwe daftarini

MSIMU wa mavuno unapofika, kwenye maghala ya vyama vya msingi hutokea jambo ambalo wakulima wamelizoea kiasi cha kutoliona tena. Mwanamke aliyepalilia, akachuma na kubeba mzigo hadi kwenye mizani ndiye anayesimama kwenye foleni. Lakini karani akifungua daftari, mara nyingi jina lililoandikwa ni la mume. Malipo yakija yanakwenda kwa mwenye jina. Mkopo wa pembejeo nao unakwenda kwa mwenye jina, na siku ya mkutano mkuu anayenyoosha mkono kupiga kura ni huyo huyo.

Wapo wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya kijijini, na kwamba elimu ikiingia yatakwisha yenyewe. Ukweli ni kwamba daftari la namna hiyo lipo hata kwenye ofisi za mawakili, zenye mazulia na viyoyozi, tena katika nchi tajiri kuliko zote duniani. Tofauti ni moja tu: huko zao si kahawa wala pamba. Zao ni mteja.

Ili kulielewa jambo hili ni vizuri kwanza kufahamu jinsi kampuni ya mawakili inavyoendeshwa. Ndani yake kuna makundi mawili. Kundi la kwanza ni mawakili waajiriwa, wanaofanya kazi kwa mshahara. Hao ndio wanaosoma sheria usiku, wanaoandika hati za madai na kupekua mikataba. Kundi la pili ni wabia, yaani wenye kampuni. Hao hugawana faida na kuamua nani aajiriwe, nani apande na nani aondoke. Kutoka kundi la kwanza kwenda la pili si suala la kusubiri zamu. Wabia hukutana, mlango ukafungwa, wakapiga kura.

Marekani, ambako kampuni za aina hiyo ni kubwa na kumbukumbu zake zinatunzwa, kuna kesi moja ambayo kila mwenye kuajiri angefaa kuifahamu. Mwaka 1972 mwanamke aitwaye Elizabeth Hishon, aliyetoka kuhitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliajiriwa na kampuni ya King & Spalding ya mjini Atlanta. Kwa mujibu wa malalamiko yake, wakati wa kuajiriwa aliambiwa kwamba wakili anayefanya kazi ya kuridhisha hupandishwa kuwa mbia baada ya miaka mitano au sita, na kwamba wote hupimwa kwa kipimo kimoja.

Mwaka 1978 wabia walikutana na kumkataa. Mwaka 1979 walikataa kumfikiria upya. Kwa kuwa utaratibu wa kampuni ulikuwa kwamba asiyepanda huondoka, ajira yake ilikoma tarehe 31 Desemba mwaka huo. Kampuni ilikuwa na wabia zaidi ya 50, na katika historia yake yote hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mmoja wao.

Hishon alikwenda mahakamani. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba ubia ni kama urafiki, kwamba mtu huchagua mwenyewe nani wa kushirikiana naye, na sheria ya ajira haiwezi kuingia humo. Mahakama mbili za chini zilikubaliana na kampuni. Lakini tarehe 22 Mei, 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua kwamba mwajiri akishaifanya nafasi ya kufikiriwa ubia kuwa sehemu ya masharti ya ajira, hawezi kumnyima mtu nafasi hiyo kwa sababu ya jinsia. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza. Baadaye pande mbili zilimalizana nje ya mahakama.

Ni muhimu kutazama vizuri kile ambacho mama huyo alikipata na kile ambacho hakukipata. Mahakama haikusema apewe ubia. Ilisema ana haki ya kupimwa kwa mizani ileile inayowapima wengine. Na hapa ndipo mkulima anapoweza kuelewa haraka kuliko msomi wa mjini, kwa sababu anajua kwamba mizani inaweza kuwa sahihi na bado ukapunjwa, kama mzigo wako umeandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Tazama takwimu. Chama cha NALP, ambacho hukusanya takwimu za ajira katika kampuni za mawakili za Marekani, kilionyesha kwamba mwaka 1991 wanawake walikuwa kama 38 katika kila mawakili waajiriwa 100. Mwaka 2023 walivuka nusu kwa mara ya kwanza. Lakini katika mwaka huo huo, wabia wanawake walikuwa hawajafika 28 katika kila 100. Yaani sehemu ya wanawake miongoni mwa wabia wa mwaka 2023 ilikuwa bado ndogo kuliko sehemu yao miongoni mwa waajiriwa miaka 32 iliyotangulia. Muda huo unatosha wakili kuanza kazi na kukaribia kustaafu. Kwa hiyo hoja ya kwamba tusubiri, wanawake wataongezeka wenyewe kadiri wanavyosoma, haisimami. Wamesoma, wameajiriwa, na bado wengi hawajapanda.

Wanakwama wapi? Wanakwama kwenye daftari. Katika kampuni nyingi, kinachompandisha wakili si ubora wa hati alizoandika peke yake. Kinachopimwa sana ni wateja anaohesabiwa kuwa ni wake na ada wanayolipa. Mteja mkubwa aliyeletwa na mbia mzee miaka 20 iliyopita huendelea kuandikwa kwa jina la mzee huyo, hata kama kazi yote inafanywa na mwanamke wa chumba cha pili. Mzee akistaafu, wateja wake hurithishwa. Na kama ilivyo kwa shamba la ukoo, swali ni nani anaonekana mrithi halali. Mara nyingi ni kijana aliyekuwa akifuatana na mzee kwenye chakula cha jioni na viwanja vya gofu, si yule aliyebaki ofisini akimalizia kazi.

Kuna pia kazi ambazo hazina jina kabisa: kupanga mikutano, kuandika kumbukumbu, kuwafundisha vijana wapya, kusimamia karamu ya mwisho wa mwaka. Ni kazi za lazima, lakini hazimletei mtu mteja wala hazihesabiwi siku ya kura. Kazi hizo zina tabia ya kumwangukia mwanamke, kama vile kuchota maji kunavyomwangukia binti hata kama kaka yake amekaa tu.

Utetezi unaosikika mara nyingi ni kwamba wanawake wanaondoka wenyewe kwa ajili ya uzazi. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini ifanyiwe hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mwajiri analazimika kutoa likizo hiyo hadi mara nne. Mara nne kwa siku 84 ni siku 336. Hazifiki hata mwaka mmoja, katika maisha ya kazi ya miaka 30 au zaidi. Hakuna mkulima anayeng'oa mibuni yake kwa sababu kuna mwaka mmoja haikuzaa vizuri. Tatizo si siku 84. Tatizo ni kwamba mama akirudi anakuta wateja wake wameshaandikwa kwa jina jingine, na hakuna anayewarudisha.

Wapo pia wanaodai kwamba kuwainua wanawake ni upendeleo utakaoshusha ubora wa kazi. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa sababu mteja anayetetea shamba lake anataka wakili hodari, si wakili wa kujaza nafasi. Lakini kijijini jambo hili limekwishajaribiwa. Sheria inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Wanaosuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba ni pamoja na akina mama wanaoujua mpaka huo kwa sababu ndio wanaoulima.

Kwa kampuni binafsi, hata hivyo, njia si kugawa viti. Huko Marekani kwenyewe upepo umebadilika: mwezi Machi 2025, tume ya serikali inayosimamia usawa katika ajira iliziandikia kampuni 20 kubwa za mawakili ikitaka maelezo kuhusu mipango yao ya aina hiyo. Dawa isiyo na ubishi ni ile inayomhudumia kila mtu: vigezo vya ubia viandikwe na visomwe na wote, kazi kubwa zigawiwe kwa utaratibu unaoonekana, mteja anayerithishwa arithishwe kwa anayefanya kazi yake, na sifa ya kumhudumia igawanywe kati ya aliyemleta na anayemtunza. Daftari likiwa wazi, mwanamke hahitaji huruma ya mtu.

Je, hayo yanamhusu nini mkulima au mwenye duka? Yanamhusu kwa sababu yeye ndiye mteja. Vyama vya ushirika, SACCOS na wafanyabiashara hulipa mawakili kwa ajili ya mikataba ya mazao, madeni na migogoro ya ardhi. Wakili anayelijua jalada la chama akikata tamaa na kuondoka, mwingine huanza kulisoma upya kutoka ukurasa wa kwanza. Shauri linaahirishwa, na kama chama kinatozwa kwa muda uliotumika, kinalipia usomaji huo mara ya pili. Hasara ya kumwangusha mwanamke ofisini haibaki ofisini. Inashuka hadi kwenye bei anayolipwa mkulima kwa kilo.

Na mteja ana nguvu kuliko anavyofikiri. Mwaka 2004 Roderick Palmore, mwanasheria mkuu wa Sara Lee, kampuni ya vyakula ya Marekani, alitoa wito uliotiwa saini na wanasheria wa makampuni mengine mengi. Waliahidi kupunguza au kusitisha kazi kwa kampuni za mawakili zisizoonyesha nia ya kuwapa nafasi wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa. Mwaka uliofuata, Wal-Mart iliziambia kampuni 100 zilizokuwa zikifanya kazi zake nyingi kwamba kati ya mawakili watano wa mbele wanaoihudumia, angalau mmoja awe mwanamke na angalau mmoja asiwe mzungu. Kampuni zipatazo 40 zilibadilisha wasimamizi wa kazi hiyo. Kilichoshindikana kwa hotuba za miaka mingi kilisogezwa na barua ya mnunuzi.

Chama cha msingi si Wal-Mart, hilo linaeleweka. Lakini kinaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kusaini mkataba na wakili. La kwanza: nani hasa ataifanya kazi yetu, na tutakutana naye lini? La pili: je, jina lake litaonekana kwenye jalada na kwenye ankara, au litaonekana jina la bosi peke yake? La tatu: akifanya vizuri, mna utaratibu gani wa kumpandisha ili asituache katikati? Maswali hayo hayana gharama yoyote, na wakili makini hatakasirika kuulizwa.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba uwezo wa wanawake katika sheria si jambo la kubishaniwa tena Afrika Mashariki. Julie Manning aliteuliwa Waziri wa Sheria wa Tanzania mwaka 1975. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kilianzishwa mwaka 1989, na kimewasaidia wanawake wasio na fedha za kumlipa wakili katika mambo ya mirathi, ndoa na ardhi. Mwaka 2021 Martha Koome akawa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke nchini Kenya. Kwenye utumishi wa umma uteuzi hutangazwa, na kila mwananchi anaona nani kapata na nani kakosa. Kwenye kampuni binafsi mlango umefungwa, na anayeweza kuubisha hodi kwa nguvu ni yule anayelipa.

Lakini kabla viongozi wa chama hawajamuuliza wakili maswali hayo, kuna moja la kujiuliza wenyewe. Kwenye daftari la chama chao, mwanamke aliyeleta gunia asubuhi ya leo ameandikwa kwa jina la nani? Chama kinachomwandika mwanachama wake kwa jina lake mwenyewe, kikamlipa mkononi na kumpa kura yake, ndicho kitakachokuwa na uso wa kumwambia wakili wa mjini afanye vivyo hivyo.