Mbaraka Mwinshehe Hahitaji Hisani Yetu

Test zimeisha, mfukoni kweupe, boom bado ni tetesi, na leo sina stori za hosteli. Leo nina ugomvi, nimeubeba tangu Jumamosi, acheni niutoe kifuani.

Ugomvi wenyewe ni huu. Sisi watu wa Morogoro, na sisi wanafunzi tuliokuja kusoma hapa tukajifanya wa Morogoro, tuna neno tunalolipenda kupita kiasi. KUENZI. Ikifika Januari utasikia tumuenzi Mbaraka Mwinshehe. Redioni vibao vyake vitapigwa, mtangazaji atashusha sauti kama yuko msibani, washkaji watabadili picha kwenye simu zao, halafu siku mbili tatu zikipita kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mie nasema hiyo si kuenzi. Huko ni kujifurahisha kwa jina la marehemu. Kumuenzi mwanamuziki ni mambo mawili tu: kumtaja panapostahili kutajwa, na kulipa kinachostahili kulipwa. Mengine yote ni mapambo.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya mahafali kwenye ukumbi mmoja hapa Kilakala, siutaji jina. Baada ya msosi ukapigwa "Shida". Wazee wote wakanyanyuka, mama mmoja akavua viatu kabisa. Binti wa mwaka wa kwanza akauliza, jamani huyu anayeimba nani? MC, mwenye maiki mkononi, aliyelipwa hela yake taslimu, akajibu: "Hizo zilipendwa tu hizo, za wazee wetu."

Zilipendwa TU! Mtu anapigwa katika mji aliojengea jina lake, chini ya Uluguru hii hii, halafu jina hana?

Basi kwa faida ya yule binti, na ya MC. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa 1944 huko Mzenga, Kisarawe. Katikati ya miaka ya 60 akajiunga na Morogoro Jazz, na haikuchukua muda gitaa lake la solo na sauti yake vikawa ndiyo bendi yenyewe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Fikiria, bendi ya kutoka mji huu! Mwaka 1973 akatoka na kuunda Super Volcano, na mtindo wake wa Masika. Januari 1979 ajali ya gari ikamuua Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Hiyo ndiyo miaka ya wale wahadhiri wetu wasaidizi tunaowaona bado vijana.

Tena Morogoro haikufiwa mara moja. Kabla ya Mbaraka alikuwepo Salum Abdallah, mwenye Cuban Marimba, mpinzani wa Morogoro Jazz enzi hizo. Novemba 1965 naye ajali ya barabarani ikamchukua. Mji mmoja, nyota wawili, wote barabarani, na wote kabla ya kufika miaka 40. Juma Kilaza aliyeishika Cuban Marimba baada ya Salum nadhani ndiyo kabisa, ukimtaja hapa kampasi watu wanadhani ni mchezaji wa mpira wa zamani.

Sasa twende kwenye hela, maana hapo ndipo watu hukunja uso. Enzi zile Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ili wimbo upigwe redioni, na ikitaka santuri ya kuuzwa dukani ilibidi ifunge safari mpaka Nairobi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Mbaraka ziliingia sokoni kupitia makampuni ya Kenya. Mwaka 2000 kampuni moja ya Ujerumani ikatoa CD ya Salum Abdallah na nyingine ya Mbaraka na Morogoro Jazz, zenye vijitabu vyenye majina na maelezo. Wajerumani! Sisi tunakopiga nyimbo hizo kila harusi hata kusema jina kwenye maiki kunatushinda.

Mtu ataniambia, lakini wasanii tunawajali, mbona mzee Gurumo alipewa gari? Kweli. Muhidin Gurumo, aliyeimba kuanzia Nuta Jazz hadi Mlimani Park na Msondo, alipostaafu mwaka 2013 alisema kwamba miaka yote hiyo ya muziki hajawahi kumiliki gari. Diamond Platnumz akamzawadia moja. Wote tulipiga makofi, hata mimi. Namheshimu Diamond kwa moyo ule. Lakini hebu tuiangalie ile picha vizuri. Mzee ambaye sauti yake imechezwa kwenye kila redio, kila baa na kila basi la mkoani, anapata usafiri kwa sababu kijana mmoja ana roho nzuri! Je, huyo kijana asingetokea? HAKI ILIGEUKA HISANI, na sisi tukaishangilia hisani. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Sheria ipo, tusiseme haipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na miaka 50 zaidi baada ya kifo chake kwa ajili ya warithi. Chukueni kalamu tupige hesabu. Salum Abdallah, 1965 jumlisha 50, ni 2015. Kwa hesabu hiyo muda wake ulikwisha. Kuna aliyesikia kengele ikigongwa hapa Morogoro? Mbaraka Mwinshehe, 1979 jumlisha 50, ni 2029. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baada ya hapo kila mtu atapiga, atauza, ataweka kwenye tangazo lake la sabuni, na warithi hawatakuwa na pa kushika. Ndiyo maana nasema tukiendelea kuenzi kwa mishumaa na hotuba, tutakuja kustuka siku ambayo hakuna tena cha kudai.

Na tarehe kwenye sheria si jambo dogo. Kule Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo ukazunguka dunia nzima na kuingia kwenye filamu ya simba ya Disney. Mabinti zake walikuja kushinda kwa sababu mwanasheria alichimbua kifungu cha sheria ya zamani ya Uingereza, kilichosema haki zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kesi ilifunguliwa 2004, wakapatana 2006. Machozi hayakuwasaidia, wala sanamu. Waliokolewa na mtu aliyekaa chini akasoma tarehe.

Najua majibu yenu, maana nimeshabishana na nusu ya hosteli.

Wa kwanza anasema Mbaraka ni wa taifa, muziki wake ni wetu sote. Sawa, ni wetu kwa kuupenda. Mlima Uluguru nao ni wetu sote, ila ndizi zinazoshuka na akina mama asubuhi kuja sokoni tunazinunua. Sijaona mtu akimwambia mama wa Kiluguru nipe mkungu bure kwa sababu mlima ni wa taifa.

Wa pili anasema mkianza kudai hela, muziki wa zamani hautapigwa tena, utakufa. Ndugu yangu, kwenye sherehe ile ya Jumamosi walilipwa mpishi, mpambaji, mpiga picha, mwenye viti na MC asiyejua nani anaimba. Hakuna aliyesema tukimlipa mpishi pilau itakufa. Kwa nini aliyewanyanyua wazee kwenye viti ndiye pekee anayefanya kazi ya bure?

Wa tatu ndiye anayenipa shida, nakiri hoja yake ina uzito. Anasema haki nyingi zilishauzwa kwa makampuni zamani, hela ikilipwa huenda isimfikie mrithi hata senti. Inawezekana. Lakini hiyo ni sababu ya kufuatilia, si sababu ya kukaa kimya. Mikataba isomwe, warithi wasajiliwe, ijulikane nani anadai nini. Mji wenye vyuo vikuu hivi vyote, mpaka chenye watu wa sheria, ushindwe kusaidia kusoma karatasi?

Kwa hiyo sisi wanafunzi tufanye nini? Mie sipendi makala za kulalamika halafu mtu anaondoka. Moja, ukimtumia mwenzio wimbo wa zamani, andika mwimbaji, bendi, na mtunzi kama unamjua. Usiandike "zilipendwa" ukadhani umemaliza. Na usimpachike Mbaraka kila wimbo wenye gitaa la Morogoro, maana huko ni kuwaibia akina Salum na Kilaza. Mbili, kamati zetu za sherehe, kwenye bajeti pale chini ya mapambo, ongezeni mstari wa mirabaha. Ukumbi uulizwe kabla haujalipwa: muziki mnaulipia? Tatu, wale wa mwaka wa tatu mnaohangaika kutafuta mada za utafiti, acheni kunakili za mwaka jana. Nendeni mitaani mkawatafute wazee waliopiga ala na kucheza kwenye kumbi zile, mwandike nani alipiga besi, nani alitunga, mwaka gani. Wazee hao hawatusubiri sisi tumalize supplementary.

Nitaambiwa mimi wa juzi, nimezaliwa Mbaraka ameshakufa miaka mingi, uchungu nimeutoa wapi. Uchungu nimeutoa kwenye raha. Nimesoma usiku mwingi na solo lile likilia kwenye redio ya mama muuza chapati jirani, na sijawahi kulilipia hata shilingi. Nadaiwa. Na wewe unayesoma hapa huku "Jogoo la Shamba" unaijua mpaka kwenye solo, unadaiwa.

Deni haliitwi kuenzi. Deni hulipwa. Tuna mpaka mwisho wa 2029.

Naomba kutoa hoja.