Penalti, Lakini Hakuna Anayepiga

Mzee wangu ni Yanga damu. Februari 12, 2023 nilimkalisha sebuleni kwangu hapa Philadelphia tuangalie Super Bowl, Eagles wetu na Kansas City Chiefs. Zimebaki kama dakika mbili, 35-35, refa akarusha kitambaa cha njano. Nikapiga kelele, "Penalti!" Mzee akauliza, "Nani anapiga?"

Hakuna anayepiga, Baba. Kwenye mpira wa Kimarekani penalti ni kunyang'anywa yadi. James Bradberry, beki wetu, alikuwa amemshika JuJu Smith-Schuster.

Yadi zenyewe zilikuwa chache. Kilichotuua ni saa. Bila kosa lile, Chiefs wangepiga teke la pointi tatu pale pale, na sisi tungebaki na karibu dakika mbili za kujibu. Badala yake walipewa majaribio manne mapya. Wakaiacha saa itembee weee, wakapiga zimebaki sekunde 8. Mwisho 38-35.

Nilimsema refa usiku kucha. Kumbe baada ya mechi Bradberry alihojiwa na akakiri mwenyewe: kweli alivuta jezi, alitumaini tu refa ataachia. Nilipomwambia Mzee, akacheka. "Mwanangu, huyo kijana ana adabu kukushinda."

Iliniuma, maana ni kweli. Timu yangu ikifungwa, mimi huwa naanza na refa. Na nyinyi je, mnaanza na nani? Tutumieni sauti zenu, tutazicheza kipindi kijacho.