Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Wajibu wa kwanza wa polisi mbele ya maiti ni kuuliza ni nani aliyeua. Swali hilo likitanguliwa na jingine, yaani marehemu alikuwa mtu wa namna gani, upelelezi huwa umekwisha haribika kabla haujaanza. Historia ya mauaji ya mashoga katika mji wa Sydney, nchini Australia, inathibitisha jambo hilo, na yafaa izingatiwe na kila mwenye dhamana ya kulinda roho za watu.

Tarehe 10 Desemba, 1988, maiti ya kijana wa Kimarekani, Scott Johnson, ilikutwa chini ya majabali ya North Head, karibu na Manly. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 27, naye alikuwa akisomea shahada ya juu kabisa ya hesabu. Nguo zake zilikutwa juu ya jabali zimekunjwa vizuri, lakini pochi yake haikuonekana. Polisi waliamua upesi kwamba amejiua, na uchunguzi wa kifo uliofanywa mwaka 1989 ukakubaliana nao. Mahali hapo palikuwa pa wanaume kukutana kwa siri na wanaume wenzao, na palikuwa na vijana waliokwenda kuwapiga na kuwaibia. Jambo hilo halikufuatiliwa.

Kaka wa marehemu, Steve Johnson, alikataa kuamini. Kwa miaka mingi alitumia fedha zake mwenyewe, akamwajiri mwandishi wa habari achunguze, akabisha hodi kwenye kila mlango wa Serikali. Uchunguzi wa pili, wa mwaka 2012, uliliacha wazi suala la chanzo cha kifo. Ule wa tatu, uliomalizika mwaka 2017, ulitamka kwamba marehemu alianguka kwa sababu ya kushambuliwa au kutishiwa na watu waliomdhania kuwa shoga. Mwaka 2020 mtu mmoja alikamatwa, na mwaka 2023 akakiri kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Toka kifo hadi hukumu hiyo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 34.

Kisa hicho si cha pekee. Mwaka 1989, katika eneo la Marks Park karibu na Bondi, mtangazaji mmoja wa televisheni alitoweka, na funguo zake zikaokotwa maweni. Polisi walihitimisha upesi kuwa alianguka baharini. Miezi minne baadaye mwanamume mwingine alikutwa amekufa chini ya majabali hayo hayo, na mkononi mwake mlikuwa na nywele. Nywele hizo zilipotea mikononi mwa polisi wenyewe. Ni barua za mama wa yule mtangazaji zilizomfanya mpelelezi Steve Page afungue upya majalada, na mwaka 2005 hakimu mchunguza vifo akatamka kwamba wote wawili waliuawa. Aliulaani vikali upelelezi wa awali wa kutoweka kwa mtangazaji huyo.

Hapana shaka chanzo cha uzembe huo kilikuwa dharau. Jimbo la New South Wales lilikuwa limefuta mwaka 1984 sheria iliyowaadhibu wanaume kwa mapenzi ya jinsia moja, lakini kufuta sheria hakufuti chuki iliyomo mioyoni. Hofu ya ugonjwa wa UKIMWI iliongeza chuki hiyo. Waliopigwa waliogopa kwenda polisi, na wapigaji walilijua hilo. Mtu asiyethubutu kushitaki ni windo rahisi kwa kila mhuni. Hata mahakamani, mpaka mwaka 2014, mshitakiwa wa jimbo hilo aliweza kujitetea kwamba marehemu alimtongoza, na kosa lake la mauaji likapunguzwa uzito.

Wapo watakaosema kwamba mwenendo wa watu hao haukubaliki katika jamii nyingi, na kwa hiyo vifo vyao visipewe uzito mkubwa. Hoja hiyo ni ya hatari. Anayemsukuma mtu jabalini hakabidhiwi na yeyote kazi ya kulinda maadili. Yeye ni muuaji. Muuaji ambaye hakutafutwa haondoki duniani. Hupanda mabasi pamoja na watu wengine na kuishi jirani na watoto wao, huku akijua kwamba alikwisha ua na hakuulizwa. Dola inayochagua damu ya kupeleleza huwa imewapa wauaji orodha ya watu wa kuwaua.

Mwaka 2022 Serikali ya jimbo hilo iliunda tume chini ya Jaji John Sackar kuchunguza vifo vilivyotokea kati ya mwaka 1970 na 2010. Taarifa yake, iliyotolewa Desemba 2023, ilieleza namna vidhibiti vilivyopotea na majalada yalivyotunzwa ovyo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Mkuu wa Polisi wa jimbo aliziomba radhi familia za marehemu. Radhi hiyo ni njema, lakini wazazi wengi walikuwa wamekwisha zikwa, na ushahidi uliopotea haurudishwi kwa maneno.

Kwa hiyo kila jeshi la polisi, popote lilipo, lina la kujifunza. Kifo cha mashaka kihesabiwe kuwa huenda ni mauaji mpaka ushahidi uoneshe vinginevyo. Vidhibiti vitunzwe hata kama marehemu hana mtetezi. Aliyepigwa apokewe kituoni kama mlalamikaji, wala asigeuzwe mtuhumiwa. Jamaa wasikilizwe siku ya kwanza, wasingoje miaka 30. Tabia ya marehemu haimo katika maswali ya kuamua kama muuaji wake atafutwe au aachwe.