Hunywi, lakini waibeba?

Ndugu Waislamu, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu msafiri mtu mzima kuingia na lita 1 ya pombe kali bila ushuru. Ndipo abiria mwenzako, mwenye chupa mbili, hukusihi: "Wewe hunywi, nitilie moja mkobani mwako." Wapo wanaokubali, wakidhani dhambi ni ya mnywaji peke yake. La hasha! Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi kwa sababu ya pombe, wakiwemo mbebaji na anayebebewa. Ruhusa ya forodha haihalalishi alichokiharamisha Mwenyezi Mungu. Mkatalie kwa upole, umweleze sababu; huo nao ni ulinganio. Wallahu aalam.