Mipira ya Gari na Misimu Yetu

Ukurasa huu umezoea kunena juu ya mambo ya nyumbani: malezi ya watoto, haki za jirani, adabu za chakula na za safari. Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaona halina mahali katika gazeti la dini, nalo ni mipira ya gari, au matairi, kama wasemavyo wengi siku hizi. Tustahimilieni. Hatukuliingia jambo hili kwa kupenda.

Madrasa yetu hapa Mbweni ina gari ndogo ya kuchukulia watoto wa mbali: wa Chukwani, wa Kiembesamaki na wachache wa Mazizini. Petroli huchangwa na wazee, na mfuko wa fedha hizo tumeushika sisi. Mwaka jana, kabla ya kuingia masika, dereva wetu alitujia akasema kuwa mipira miwili ya nyuma imekuwa kipara na haifai tena. Tukauliza bei ya mipya. Twapenda kusema kuwa bei ilitushinda, lakini tutakuwa tumeongopa. Fedha zilikuwapo, ila tuliona uchungu kuzitoa. Tukenda kwa muuzaji wa mipira iliyokwisha kutumika ng'ambo. Akatutolea miwili, myeusi, inayong'aa, meno yake marefu, akatwambia: "Hii, maalim, ni mipira ya misimu yote. Mvua, jua, vumbi, kwake yote ni mamoja." Bei yake haikufika nusu ya mipya. Tukalipa, tukarudi tukimhimidi Mwenyezi Mungu kwa kutufungulia mlango wa rahisi.

Haikutimia miezi miwili. Siku moja baada ya alasiri, mvua inanyesha, gari yetu ilikuwa yatoka upande wa Uwanja wa Ndege kuja Kiembesamaki. Gari ya mbele ilifunga breki, na ya kwetu ikafunga. Mbele ilisimama, nyuma haikukubali. Ikazunguka ubavu kama mtu aliyekanyaga ganda la embe, ikatumbukia mtaroni. Ndani walikuwamo watoto tisa. Alhamdulillahi wote walitoka wazima, ila kijana mmoja alipasuka kidevu akashonwa, na mtoto wa kike wa miaka minane akapoteza jino la mbele, jino la ukubwani ambalo halitaota jingine. Mama yake alipokuja hakutulaumu. Alituuliza tu kama watoto wenzake hawajambo. Lau angalitulaumu, ingalikuwa nafuu kwetu.

Siku ya pili gari ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe, na wanafunzi wameizunguka. Mmoja wao, mdogo, asiyekwisha hata Juzuu Amma, akatuita: "Maalim, mbona hapa ubavuni pana picha ya mlima?" Tukainama kutazama. Kweli, palikuwa na mlima wa vilele vitatu, na ndani yake pana alama kama nyota yenye ncha sita. Kando yake herufi M na S. Mbele kidogo, katika duara dogo, tarakimu nne: 3811. Sisi tumefundisha watu kusoma kwa zaidi ya miaka thelathini, wala hatukuwahi kusoma kilichoandikwa juu ya kitu tulichokinunua kwa fedha za watu ili tuwapakie watoto wa watu.

Tukaanza kuuliza. Tuliyoyajua ni haya.

Katika nchi za baridi watu wengi wana mipira ya namna mbili. Ya joto imetengenezwa kwa mpira mgumu kiasi, ili usilainike ukaliwa na lami. Ya theluji imetengenezwa kwa mpira laini, wenye nyufa nyingi nyembamba, ili ushike ardhi hata baridi ikishuka chini ya digrii 7, kwani mpira wa kawaida katika baridi kama hiyo huwa mkavu na mgumu. Huyabadilisha mara mbili kila mwaka. Kwa kuwa kubadilisha ni taabu, viwanda vikatafuta mpira wa katikati. Kampuni ya Goodyear ya Marekani ilitoa mpira wake wa Tiempo mwaka 1977, ukapata sifa kubwa kwa kutumika mwaka mzima, na kampuni nyingine zikafuata. Basi hilo jina la misimu yote asili yake ni huko. Herufi M na S maana yake ni matope na theluji, na ule mlima wenye nyota ni ushahidi kuwa mpira umejaribiwa katika theluji ukafuzu.

Sasa angalieni, ndugu zetu. Misimu hiyo yote ni misimu ya nani? Misimu yetu sisi ni kaskazi, masika, kusi na vuli. Hata usiku wa kipupwe hatukaribii hiyo digrii 7. Lami yetu mchana wa kaskazi humchoma mtu mguu. Walakini mvua tunayo: Unguja hupata karibu milimita 1,600 kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika baina ya Machi na Mei. Basi mtu wa hapa hahitaji mpira unaojua theluji. Ahitaji mpira unaostahimili lami ya moto, na wenye mifereji mirefu ya kutoa maji. Ule wa theluji, ukiletwa kwetu, hulainika kupita kiasi, huliwa upesi, na gari hukawia kusimama.

Hapa tuna neno la pembeni. Mbweni hii ndipo palipokuwa na nyumba na bustani ya John Kirk, balozi wa Uingereza hapa Unguja katika miaka ya 1870 na 1880, mtu aliyependa sana elimu ya mimea. Mmoja katika mimea inayotambaa ya mwambao wetu, jamaa wa mbungo huu tunywao maji yake, umepewa jina lake na wataalamu: Landolphia kirkii. Utomvu wake ulikuwa ukigemwa na kupelekwa Ulaya kufanyiwa vitu vya mpira. Basi wenyeji wa pwani hii si wageni wa mpira. Zamani tuliupeleka mbichi kwao. Leo twaupokea wao wamekwisha kuutumia.

Tuliwauliza madereva, nao hawakuafikiana, wala hatukutarajia waafikiane. Mmoja, wa daladala ya Uwanja wa Ndege, mwenye miaka ishirini barabarani, alisema mipira ya misimu yote haikumtupa hata siku moja katika mvua, ila huisha upesi mno: "Niliitia Rajabu, mahujaji hawajarudi, imekwisha." Kijana mmoja alinunua gari iliyotoka Japani ikaja na mipira yake, na ubavuni imeandikwa STUDLESS. Aliisifu sana kwa ulaini na kutopiga kelele, mpaka kaskazi ilipoingia; akawa, kwa maneno yake mwenyewe, kila akikata kona ni kama yuko juu ya godoro. Baadaye ndipo alipoambiwa kuwa neno lile ni la mipira ya theluji. Wa tatu huchukua watalii Nungwi na Paje. Yeye hununua mipya ya kawaida, na alitufanyia hesabu mbele yetu kwa kalamu: bei igawanye kwa miezi. Ile rahisi yetu ikatoka ghali kuliko mipya yake.

Na mzee mmoja, dereva wa lori wa zamani, aliikumbuka shida ya miaka ya 1980, mpira ulipokuwa ukitiwa viraka kwa ndani mpaka mtu hajui kipi kiraka na kipi mpira. Akatuusia kuwa siku ya mvua mtu apunguze upepo kidogo ili gari ishike. Tulimsikiliza kwa heshima ya umri wake, lakini hapa hatukubaliani naye. Mchangani, kweli, kupunguza upepo husaidia. Juu ya lami yenye maji ni kinyume: mpira mlegevu hauna nguvu ya kuyasukuma maji, hupanda juu yake ukaelea, na usukani huwa mwepesi mkononi kana kwamba gari haina magurudumu. Anayeuhisi wepesi huo aondoe mguu kwenye petroli taratibu, wala asikanyage breki kwa nguvu wala asizungushe usukani.

Jambo walilokubaliana wote watatu wa mwanzo ni hili: jina la mpira si kitu, kitu ni umri wake na urefu wa mifereji yake. Na yote mawili aweza kuyajua hata mtoto. Zile tarakimu nne ndizo tarikhi ya kuzaliwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu ya 3811 ilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2011. Ilikuwa imepita miaka kumi, umri ambao viwanda vingi vyenyewe husema mpira utupwe hata kama meno yake yangali mazima, kwani jua na hewa huukausha kwa ndani ukapasuka. Ule mng'ao ulioturoga ulikuwa rangi iliyopakwa. Ama mifereji, mpira mpya huwa na kina cha kama milimita 8, na sheria za Ulaya hukataza kushuka chini ya milimita 1.6. Kwa mvua yetu twaona hata 3 ni kidogo. Asiye na kipimo achukue njiti ya kiberiti, ambayo unene wake ni kama milimita 2, ailaze ndani ya mfereji. Ikiwa haizami ikapotea, mpira huo umekwisha.

Tulirudi kwa muuzaji. Hatumtaji, wala msituulize. Hakutukasirikia. Alisema kuwa yeye husoma ukubwa tu, kwa sababu wanunuzi huuliza ukubwa tu, na rangi huipaka kwa sababu mpira usiong'aa hauondoki dukani. Tukamkumbusha kisa mnachokijua nyote, alichokipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke ule uliorowa juu, watu wauone. Na mwenye kughushi akatolewa katika kundi. Muuzaji akainamisha kichwa. Kisha akatuuliza swali ambalo mpaka leo latukera: "Maalim, mimi nilificha nini? Mwaka ulikuwa umeandikwa. Mlima ulikuwa umechorwa."

Fiqhi humpa mnunuzi haki ya kurejesha kitu chenye aibu iliyofichwa. Lakini aibu iliyoandikwa ubavuni kwa herufi za kusomeka, ni nani aliyeificha? Rangi ile twamlaumu kwayo, na yeye amekiri. Ama kutosoma ni kwetu. Wako walioturahisishia kwa kusema kuwa ajali ni kadari. Ni kadari, twaamini hivyo. Lakini yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba huku akimtegemea Mola aliamrishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Sisi kamba tuliinunua mbovu, tena kwa makusudi ya kubakisha fedha, na aliyekuwa juu ya ngamia si sisi. Mzazi anapomsukuma mtoto wake ndani ya gari na kufunga mlango, hakagui mpira. Amekwisha kumtazama dereva na mwalimu, ikamtosha. Hiyo ndiyo amana, nayo haijali kama mfuko wa madrasa una fedha kidogo.

Tumekwenda nyumbani kwa yule mtoto mara mbili. Mara ya kwanza hatukuweza kusema. Mara ya pili tulisema yote: fedha zilikuwapo, tukachagua rahisi. Baba yake alinyamaza muda mrefu, kisha akatuuliza tarakimu ziko upande gani wa mpira, akatoka na tochi kwenda kutazama gari yake.

Mipira mipya tumekwisha kuitia, yote minne, na gharama ya daktari wa meno imetoka kwetu, si katika mfuko wa madrasa. Ile ya zamani, mmoja katika wazee wa kamati alishauri iuzwe, irudishe chochote. Tukakataa, kwani atakayeinunua ataipeleka barabarani. Tumempa mwenye gari ya ng'ombe hapa Mbweni, baada ya kumweleza umri wake na aibu yake yote. Alicheka, akasema ng'ombe wake hajapata kuteleza tangu kuzaliwa. Asubuhi huwaona watoto wakiikimbilia ikipita na mchanga, wakisoma kwa sauti: thelathini na nane, kumi na moja.