Kazi za Wazee Wetu Hazimo Katika Albamu



Wasomaji wapenzi, fungueni kabati la nyumba yoyote ya Kiswahili, iwe Mombasa, Lamu, Malindi au Kwale, hamtakosa albamu ya picha. Humo mtaona arusi na akika, watoto wa Idi wamevaa nguo mpya, na mzee siku alipoagwa kwenda Hija na siku aliporudi. Jambo moja ni adimu kuonekana humo, nalo ni kazi. Babu aliyepakia magunia bandarini miaka 30 hayumo akiwa bandarini. Nyanya aliyesomesha watoto sita kwa mahamri hayumo akiwa mbele ya karai. Tumehifadhi siku chache za sherehe, na siku nyingi za jasho, zilizozilipia sherehe hizo, tumeziacha zipotee.

Mazungumzo haya yametokana na ziara ya rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuoni tulipokuwa wadogo. Ameishi Leicester, Uingereza, kwa zaidi ya miaka 30, na mwezi uliopita alirudi nyumbani kwa siku kumi. Shughuli yake ya mapumziko ni kupiga picha treni za mizigo. Kule Uingereza watu wa namna hiyo ni wengi. Husimama kando ya reli na kamera na daftari, wakaandika nambari ya kila injini inayopita. Jamaa zake wa hapa walicheka walipomsikia akiomba kupelekwa Mazeras na Mariakani badala ya ufukweni. Mimi nilikubali kumsindikiza, na njiani ndipo aliponieleza sababu.

Marehemu babake alikuwa mfanyakazi wa reli tangu zama za shirika la reli la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda na Tanzania hadi lilipovunjika mwaka 1977. Alikuwa msaidizi wa dereva, mtu wa kuushughulikia moto wa injini. Injini alizozijua zaidi ni zile kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikiitwa kwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wa moja ulikuwa takriban tani 250, zikiunguza mafuta mazito badala ya makaa, na zikivuta mzigo wa takriban tani 1,200 kutoka pwani kupanda bara. Moja yao, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, na mwenye watoto wanaopenda vyombo vya moto asikose kuwapeleka.

Mzee huyo alifariki bila kuacha hata picha moja akiwa na injini yake. Iliyobaki ni moja ya studio, amesimama kando ya jagi la maua ya plastiki, amevaa kanzu na koti. "Ukimwonyesha mjukuu picha hii," rafiki yangu aliniambia, "atadhani babu yake alikuwa mtu wa kusimama karibu na maua." Mamake yu hai, umri wake miaka 84, na macho yake yanaanza kufifia. Ndiye wa mwisho katika ukoo wao anayejua mzee alikuwa akitoka saa ngapi, akibeba chakula gani, na akirudi katika hali gani. Alimwomba mwanawe jambo moja: amletee picha za treni ikipanda Mazeras, angali ana uwezo wa kuziona.

Tulitoka mara baada ya sala ya Alfajiri. Rafiki yangu alinieleza kwamba saa hizo hazichaguliwi ovyo. Reli yetu inaipa bahari mgongo na kuelekea kaskazini magharibi. Kwa hiyo asubuhi jua huwa usoni mwa treni inayoteremka kuja Mombasa, na alasiri huwa usoni mwa ile inayopanda kwenda bara. Saa sita mchana jua huwa utosini, likatia kivuli kizito chini ya mabehewa, na joto linalopanda kutoka kwenye kokoto huifanya picha ya mbali itetemeke kama iliyo ndani ya maji. Mpiga picha mwenye busara wakati huo huifunga kamera yake akaenda kusali Adhuhuri na kula.

Reli ya zamani ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali tunapopaita leo Kisumu. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja kamili. Walioijenga ni vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu wa Punjab, pamoja na Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo. Takriban 2,500 miongoni mwa hao walioletwa walifariki katika kazi hiyo. Reli mpya, tuliyoizoea kwa jina la SGR, ilianza kuchukua abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018. Upana wake ni milimita 1,435, na treni yake ya mizigo imekusudiwa kuvuta hadi tani 4,000. Katika maeneo ya Mazeras na Mariakani reli hizi mbili hazikutupana mbali, na mtu aweza kuzizuru zote kwa siku moja.

Hatukuingia ndani ya uzio wala hatukukanyaga reli. Tulisimama kwenye shamba la mtu aliyetupa idhini yake, mahali palipoinuka. Rafiki yangu alinionya pia kwamba stesheni, madaraja na bandari si mahali pa kupigwa picha bila ruhusa ya wahusika. Kisha tukangoja. Treni ya mizigo haina ratiba inayotangaziwa watu, na mwenye kuitaka lazima awe na subira. Saa ya kwanza ilipita, na ya pili ikapita. Yeye alikuwa ameshachagua sehemu moja ya reli, ameielekezea lenzi, na hakuigusa tena. "Ukisubiri mpaka treni ifike ndipo uanze kutafuta," alisema, "utapata picha ya mkia."

Ilipokuja ile ya reli mpya, niliiona kabla sijaisikia. Jambo hili nawaomba kina mama mlitie maanani. Reli ya kale hulia katika kila kiungo cha chuma, ndiyo sababu sisi tuliokulia karibu nayo tulizoea kuisikia kutoka mbali. Vyuma vya reli mpya vimeunganishwa kwa kuchomelewa, na treni huweza kumfikia mtu kwa kimya. Nayo ikiwa na shehena kamili, dereva akishika breki sasa hivi, huenda ikahitaji kilomita nzima au zaidi ndipo isimame. Mtoto anayecheza kando ya njia hiyo akitegemea masikio yake yumo hatarini. Wenye nyumba karibu na reli wawaambie watoto wao maneno haya leo, wala wasingoje kesho.

Jua lilipopanda, tulikwenda kupumzika chini ya mwembe, kwa mama mmoja anayeuza viazi vya karai. Ndiye aliyetueleza ni upande gani treni hupita mara nyingi na ni saa zipi zimetulia, kwa kuwa ameketi hapo miaka kadhaa. Rafiki yangu akamwomba idhini ya kumpiga picha. Yule mama akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Baba, piga mikono na karai. Uso wangu uache." Akapigwa mikono na karai, akaonyeshwa picha katika kioo cha kamera, akaridhika. Sikuona haja ya kuongeza somo juu ya adabu ya picha, kwa kuwa somo lilikuwa limekwisha kutolewa na mwenyewe.

Akatuuliza, kwa nini watu wazima wawili washinde juani kwa ajili ya treni? Rafiki yangu akamsimulia habari za babake. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba mumewe alikuwa dereva wa lori la makontena, akipakia bandarini na kupeleka Nairobi. Treni za mizigo zilipoanza, safari zilipungua, na mwenye lori akaliuza. Mumewe sasa hufanya vibarua vya ujenzi vinapopatikana, naye akaanza kukaanga viazi. "Kwenu treni ni baba," alisema. "Kwangu mimi ndiyo iliyonitoa jikoni kwangu ikaniweka barabarani."

Rafiki yangu hakupata jibu, wala mimi sikuwa nalo. Mtu aweza kutetea reli kwa hoja nzuri: barabara imepungukiwa na malori, na mzigo mkubwa huenda kwa pamoja. Hoja hizo ni za kweli, lakini hazikumfikia yule mama na sahani ya chakula. Chombo kimoja huleta riziki katika nyumba moja na kuiondoa katika nyingine, na mwenye insafu huzitazama nyumba zote mbili.

Baada ya kimya, rafiki yangu alimwuliza kama anayo picha ya mumewe na lori. Akatoa simu yake, akaitafuta, akatuonyesha. Kijana mwenye shati la buluu, ameegemea mlango wa lori jekundu, anacheka. Ilikuwa picha pekee, katika simu iliyopasuka kioo. Watoto wake wawili, alisema, wa mwisho hamkumbuki babake akiwa dereva kabisa. Rafiki yangu akaomba atumiwe picha ile, na jioni, tulipokuwa tukirudi, tulipita studio, akaichapisha nakala mbili katika karatasi nzuri. Siku ya pili nikampelekea yule mama. Alizipokea kwa mikono miwili, akauliza bei, nikamwambia imekwisha lipwa.

Alasiri ile, baada ya kusali Mariakani sala kamili, kwa kuwa umbali huo kutoka Mombasa hautoshi kukusuru, tulibahatika. Treni ya reli ya zamani ilipita ikivuta mabehewa ya matangi ya mafuta, jua likiwa usoni mwake, na dereva alipoona kamera akapiga honi na kupunga mkono. Rafiki yangu alipiga picha saba au nane, kisha akaishusha kamera akaisindikiza treni kwa macho. Usiku alimpigia mamake simu, akamsikilizisha sauti ya ile honi aliyoirekodi. Bibi alinyamaza, halafu akaanza kueleza mambo ambayo mwanawe hakupata kuyasikia katika miaka yake 57. Alisema wanawake wa nyumba za reli walikuwa wakitambua kwa mlio ni injini ipi inaingia, na kila mmoja akisikia wa mumewe hubandika maji ya kuoga na kupasha chakula. Alisema babake alikuwa akirudi nguo zimeloa mafuta, naye hakumruhusu kumgusa mtoto mpaka aoge. Mazungumzo yalikwenda saa nzima, na rafiki yangu akaandika yote katika lile daftari lake la nambari za injini.

Wasomaji wangu, sauti ya honi moja ilifungua saa nzima ya historia ya nyumba. Historia hiyo haimo katika kitabu chochote, na mwenye kuijua ni bibi mmoja wa miaka 84. Kila nyumba miongoni mwetu inaye mtu wa namna hiyo, na ajali haina miadi.

Kwa hiyo nina maombi manne, na hakuna hata moja linalohitaji kamera ya bei. La kwanza, mpigeni picha mzazi wenu akiwa katika kazi yake: baba katika karakana, mama katika cherehani, shangazi sokoni. La pili, ombeni idhini kwanza, na mwenye kukataa uso wake aheshimiwe. Mikono yenye kazi inatosha kusimulia. La tatu, andikeni nyuma ya picha jina, mahali na mwaka, kwa kuwa picha isiyokuwa na maandishi hugeuka kuwa ya mgeni baada ya vizazi viwili. La nne, picha zilizomo katika simu chapisheni chache, kwa sababu simu huibwa, huanguka na kufa.

Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, ketini na mkubwa wa nyumba na kalamu mkononi. Msimwulize maswali makubwa. Mwulizeni alikuwa akiamka saa ngapi kwenda kazini, nani alimtengenezea chai, na mshahara wake wa kwanza aliununulia nini. Kisha mnyamaze mumsikilize.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia waliotulisha kwa jasho lao, awafungulie milango ya riziki waliofungiwa, na atujaalie kuwa wenye kukumbuka wema. Wabillahi tawfiq.