Mambo ya Nyumbani: Bomba Lililoziba na Shimo Lililoshiba



Liko jambo ambalo watu wenye adabu hawalitaji mezani, nalo ni maji machafu yarudipo nyumbani kwa njia ile ile yaliyotokea. Lakini ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na hakuna mgeni aingiaye pasipo kubisha hodi kama huyu. Basi mtaniwia radhi nikisema wazi, maana nimeona jamaa zangu wawili wakipoteza fedha nyingi kwa sababu ya kulionea haya.

Mjomba wangu akaa Kilosa, upande wa chini wa mji, si mbali na Mto Mkondoa. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, nayo ina choo cha ndani cha kumwagia maji, alichokijenga kwa akiba ya miaka sita. Masika yaliyopita nilikwenda kumwamkia. Usiku wa pili mvua ilinyesha hata alfajiri, na kulipokucha tukakuta maji meusi yamepanda katika tundu la bafu, yamepita kizingiti, yamefika ukumbini hata chini ya gunia la mchele. Mke wake alikuwa amekwisha kuwapandisha watoto juu ya meza.

Fundi akaitwa. Akatia waya, akavuta, akatia tena, akapokea ujira wake akaenda zake. Jioni maji yakarudi. Akaja fundi wa pili, akavunja sakafu ya bafu na kubadili kona ya bomba, maji yakarudi. Wa tatu akasema ya kuwa bomba lote ni bovu tangu nyumba hata shimoni, nalo lafaa kung'olewa. Mjomba akauza mbuzi wawili, bomba jipya likalazwa, udongo ukarudishwa juu yake. Siku ile ile mvua ikanyesha, na maji yakarudi kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Nikamwuliza, “Mjomba, je, yuko mtu aliyefunua shimo?”

Akanijibu, “Shimo la nini, mjomba? Maji yatusumbua humu ndani, si huko nje.”

Hata hivyo tukaenda, tukainua mfuniko wa shimo la mwisho. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, yametulia, na rangi yake si rangi ya choo, bali ni rangi ya mto. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemwaga hata kopo moja. Maji yale hayakutoka nyumbani, yalitoka ardhini. Bomba la kwanza halikuwa na kosa, wala bomba la pili halikuwa na dawa.

Yafaa basi nieleze safari ya maji haya, maana wengi wamejenga choo cha namna hii pasipo kuiona. Kilosa na Mikumi nyumba nyingi hazina bomba kuu la mji la kuyachukua maji machafu. Kila mwenye nyumba huyaweka katika kiwanja chake. Maji hutoka chooni na bafuni kwa bomba la inchi 4, hupita katika chemba moja au mbili zenye mifuniko, kisha huingia katika shimo la kwanza lililosakafiwa lisivujishe. Humo uchafu mzito huzama chini, mafuta na povu huelea juu, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huula uchafu polepole. Maji yaliyo katikati hutoka upande wa pili, nayo huingia katika shimo la mwisho, lisilosakafiwa chini, ili ardhi iyanywe.

Hapo watu wengi hukosea. Hufunua shimo la kwanza, hukuta limejaa, husema, “Hili ndilo,” nao huita gari la kunyonya majitaka. Lakini shimo la kwanza hujaa siku zote, hata usawa wa bomba lake la kutokea; ndivyo lilivyokusudiwa. Dalili ya ubaya ni mbili. Ya kwanza, maji yamepanda kupita bomba la kutokea: maana yake shimo la mwisho limekataa. Ya pili, ukitia mti mrefu waona tope la chini na utando wa juu vimechukua theluthi ya kina cha shimo: hapo ni wakati wa kulisafisha, maana likiachwa tope litavuka kwenda katika shimo la mwisho na kuziba vitundu vya udongo, na shimo hilo likizibwa hivyo ni vigumu mno kuliponya.

Basi kabla hujavunja sakafu, wala hujauza mbuzi, fanya hivi. Tazama kwanza ni tundu gani lirudishalo maji. Ikiwa ni karo la jikoni peke yake, na choo chapokea maji vema, kosa li katika bomba la jikoni. Ikiwa ni nyumba nzima, na maji huanza kupanda katika tundu lililo chini kuliko yote, kwa kawaida la bafu, kosa li mbele, katika njia kuu. Toka nje ufunue chemba ya kwanza. Ukiikuta tupu hali bafu limejaa, kizuizi ki kati ya nyumba na chemba hiyo. Ukiikuta imejaa na ya pili ni tupu, kizuizi ki kati ya hizo mbili. Ukiona zote zimejaa hata mashimoni, ondoka kwa bomba, shimo limeshiba. Kazi hii haihitaji fundi. Yahitaji mtu mwenye mikono ya kuinua mfuniko na pua ya kuvumilia kidogo.

Kwa nini shimo la Kilosa hushiba? Si kwa sababu ya matumizi mengi. Mji ule umekaa bondeni, na Mkondoa hushuka na maji ya milima. Wenyeji hawajasahau mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mto ulipoacha kingo zake, reli ikakatika, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Hayo ni maji yaliyoonekana. Lakini kila masika yako maji yasiyoonekana, yapandayo ndani ya udongo kadiri mto unavyojaa. Shimo lililochimbwa kiangazi, mchimbaji akijisifu kwa kwenda chini sana, masika huwa kisima. Ardhi iliyokwisha kulewa maji haiwezi kunywa tena.

Kwa shida hiyo waya haufai kitu. Wala kunyonya shimo siku za mafuriko si dawa: waondoa maji asubuhi, jioni ardhi imeyarudisha, na kwa shimo jepesi, hasa lile la tangi la plastiki, iko hatari ya kuinuliwa na maji ya chini hata mabomba yakatike. Kinachofaa siku zile ni kupunguza maji ya kumwaga, na kuogea na kufulia mahali pengine mpaka mto upungue. Tena tazama maji ya paa yaenda wapi. Nimeona nyumba tatu Kilosa ambazo mfereji wa paa umeelekezwa chembani, ati ili uwanja usilowe. Hiyo ni kumnywesha mlevi.

Kiangazi ndipo pa kutengeneza. Badala ya shimo refu, chimba mitaro isiyokwenda chini sana, mipana, yenye mawe na kokoto, ili maji yatawanyike katika udongo wa juu usiofikiwa na maji ya ardhi. Pasipo nafasi ya mitaro, choo chenyewe na shimo lake viinuliwe juu ya tuta. Kisima kiwe mbali, si pungufu ya mita 30, tena upande wa juu. Neno hili la kisima si la kupuuzwa. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street huko London, mamia ya watu walikufa kwa kipindupindu katika muda wa siku chache, na daktari John Snow akaonyesha ya kuwa waliokufa wengi walikunywa maji ya pampu moja. Walipochimba baadaye, wakakuta shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja kuelekea kisimani. Nasi twaujua ugonjwa huo. Ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, na Morogoro yetu ilikuwamo.

Sasa nije Mikumi. Binti wa mjomba huyu ana mgahawa kando ya barabara ya Iringa, mahali mabasi na malori yasimamapo, naye ana vyumba vinne vya wageni nyuma. Alipopata habari za babaye, akaogopa. Na kwa kuwa karo lake nalo lilikuwa limeanza kurudisha maji, hakungoja. Akachimbisha shimo la pili, refu, la matofali, kwa fedha aliyokusudia kuezekea. Wiki ya kwanza baada ya shimo kwisha, maji yakarudi jikoni.

Akanipigia simu, “Kaka, hata huku mto umetufuata?”

Mto haukuwafuata. Nyumba ile i juu ya mteremko, na udongo wake hunywa maji hata usiku wa mvua. Nilipofika, nilifunua shimo la kwanza, nikaona maji yake yako pale yanapopaswa kuwa; shimo jipya lilikuwa kavu kabisa. Chemba ya kwanza ilikuwa tupu. Basi kosa lilikuwa katika mita 5 tu za bomba, kati ya jiko na chemba. Tukapasua mwanzi mrefu, tukaulainisha maji, tukausukuma kutoka chembani kurudi juu, maana kusukuma kutoka jikoni ni kukaza kizibo. Kilichotoka kwanza ni kitu cheupe kama mshumaa, kizito, kimefungamana na punje za wali, mchanga wa kusugulia sufuria na nyuzi za gunia. Ni mafuta ya chipsi. Humwagwa ya moto kama maji, lakini bombani hupoa na kuganda, na kila siku huongeza koti jipya. Asidhani mtu kwamba ni shida ya Mikumi peke yake: mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel huko London, walikuta donge la mafuta na matambara lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, likawachukua wafanyakazi majuma mengi kuliondoa.

Katika bomba la vyumba vya wageni tulitoa mambo mengine: karatasi ngumu za daftari, vitambaa vya hedhi, na magunzi mawili ya mahindi. Wageni hawana kosa kubwa. Hakuna aliyewawekea chombo cha taka chenye mfuniko. Mizizi hatukuiona, lakini mwenye mwembe au mkuyu karibu na bomba aikumbuke, maana mzizi hunusa maji kwenye kiungo kisichokazwa, huingia mwembamba kama uzi na kunenepa ndani. Huo hauondolewi kwa mwanzi. Chimba, ukate, uweke kiungo kipya.

Na mteremko wa bomba! Mafundi wengine hukadiria kwa jicho. Bomba la inchi 4 lashuka vema likipewa inchi 1 kwa kila inchi 40 za urefu, yaani kwa mita 10 lishuke sentimeta 25. Mpira mwembamba uliojazwa maji watosha kupimia. Bomba la jikoni la mgahawa ule lilikuwa na tumbo katikati, mahali gari la kuni lilipopita, na mafuta yalianza kuganda pale pale. Tulibadili kipande kimoja tu.

Yako mambo mawili ambayo nasema kwa ukali. Usimwage magadi makali ya kutengenezea sabuni wala asidi ili kuyeyusha kizibo. Huunguza macho ya atakayefunua baada yako, na humo shimoni huwaua wale wadudu wafanyao kazi yako bure. La pili, asishuke mtu katika shimo la choo, hata likiwa limenyonywa, hata kwa kuokota ndoo. Humo mna hewa ya sumu. Kwanza hunuka kama yai bovu, kisha huiua pua yenyewe, mtu akadhani imekwisha, kumbe ndiyo imezidi. Huanguka pasipo kulia. Ndugu yake hushuka kumtoa, naye huanguka juu yake. Habari za namna hii husikika katika nchi yetu mara kwa mara, na karibu kila mara waliokufa ni zaidi ya mmoja. Akianguka mtu, ita watu wa zimamoto wenye vyombo vya kupumulia, na wewe ubaki juu, ingawa moyo wakusukuma.

Mjomba alichimba mitaro yake mwezi wa Agosti, udongo ulipokauka, nasi twangoja masika tuione. Binti yake amejenga kisanduku cha matofali nje ya jiko, chenye ukuta katikati uachao maji yapite chini na mafuta yabaki juu. Kila Jumamosi huyakomba kwa kata. Wawili wameniandikia kuuliza vipimo vya kisanduku hicho, nami nitavitoa mwezi ujao. Shimo la pili la Mikumi li vile vile, kavu na zuri, limefunikwa mabati, na kuku wamefanya makao juu yake.